Aliyeingia kwa Mlango Asitolewe Dirishani

Kila Jumamosi asubuhi, Mwenyezi Mungu akinijaalia uzima, huenda Soko la Burma kununua kitoweo cha nyumbani. Kwa wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu ambao hawajafika pande hizi za Nairobi, yafaa niwaeleze kwamba soko hili liko karibu na Barabara ya Jogoo, jirani na mitaa ya Kaloleni na Shauri Moyo. Jina lake linakumbusha nchi ya Burma, walikopelekwa askari wa KAR kupigana katika Vita Vikuu vya Pili. Majina mengine ya huku hayatawapa taabu: Kaloleni iko, na Majengo iko, kama zilivyo kwetu pwani. Watu wetu nao wapo. Pumwani imekuwa na Waislamu tangu miaka ya 1920, na wengi waliojenga nyumba huko siku zile walikuwa wanawake waliojitegemea, miongoni mwao walioachwa na waume zao, wakaja mjini kutafuta pa kuweka ubavu.

Burma ni soko la nyama. Mapaja yananing'inia kulabuni, shoka linalia juu ya gogo, na mwenye mizani anakuita kwa jina kabla hujamwamkia. Mbele ya vibanda hivyo yuko mama mmoja auzaye bizari, tangawizi, pilipili manga na ndimu juu ya meza ndogo. Nimenunua kwake kwa miaka mingi, na mazungumzo yetu hayakupata kuvuka bei ya iliki. Jumamosi moja ya mwaka huu alinifungia vitu vyangu, akakataa kupokea pesa kwanza, akaniuliza:

"Mzee, si wewe unayeandika gazetini?"

"Ndimi, mama."

"Basi niambie. Mimi ni mjane au ni mtalaka?"

Nilidhani ni mzaha, hata nilipomtazama macho. Akanieleza. Aliolewa na dereva wa Mombasa, wakazaa watoto watatu. Miaka minne iliyopita walitupiana maneno kwa simu, na bwana akamwambia, "Nimekuacha, usiningoje." Hapakuwa na shahidi wala karatasi. Baada ya kama miezi miwili ikaingia Iddi. Bwana akaja Nairobi na mchele na nyama, akalala siku tatu, akatengeneza bawaba ya mlango iliyokuwa imelegea, akaenda zake.

"Alikwambia kuwa amekurejea?"

"Aliingia kama mwenye nyumba, mzee. Nilimwuliza chakula, sikumwuliza hukumu."

Baada ya hapo alileta pesa miezi michache, kisha akanyamaza. Mwaka huu akafariki dunia. Mama huyu alisafiri kwenda mazikoni. Walipokaa wazee kuzungumza juu ya nyumba aliyoiacha marehemu, shemeji zake wakasema kwamba huyu aliachwa zamani, na marehemu mwenyewe aliwaambia. Basi amerudi Burma na meza yake ya bizari, na hajui akae eda ya kufiwa au asikae, hajui ana fungu katika mirathi au hana. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyefunga ndoa mbele ya walii na mashahidi na kupewa cheti, leo hajui yeye ni nani.

Wakati huo safu ya wanunuzi ilikuwa imesimama. Muuza nyama aliweka kisu chini, akauliza, "Mzee, na talaka ya simu yapita?" Kijana mchukuzi akadakia, "Na tatu kwa pamoja je?" Mama aliyekuwa akinunua maini akasema kwa sauti ndogo, "Na nyumba niliyochangia mabati?" Pale pakageuka darasa, nami sikuwa nimejiandaa.

Niliwaambia ukweli: mimi si kadhi wala si wakili. Lakini maswali yale hayakuniacha nilale, na sababu ni kwamba mimi mwenyewe nimo katika lawama.

Nilipokuwa kijana, huko Mji wa Kale, usiku mmoja tuliketi barazani baada ya sala ya Isha, mimi na mwenzangu. Jirani yetu akatokea amefura kwa hasira, akasema, "Shuhudieni, mke wangu nimemwacha." Tukasema tumesikia. Akaenda zake, nasi tukaendelea na kahawa yetu. Miaka ikapita. Siku moja yule mwanamke alinijia. Alikuwa ameposwa, na watu wa mume wa kwanza wakadai kuwa alirejewa. Akaniuliza kwa adabu kubwa: Alisema talaka moja au mbili? Ulikuwa mwezi gani? Baada ya usiku ule mlimsikia akisema kuwa amenirejea? Mwenzangu wa barazani alikuwa amekwisha kufa. Mimi nilikumbuka kahawa, nilikumbuka hasira ya yule bwana, lakini mwezi sikuukumbuka, wala idadi sikuwa na yakini nayo. Posa ile ikavunjika. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma hata leo.

Kwa hiyo neno langu katika ukurasa huu ni moja tu. Ndoa zetu huingia kwa mlango wa mbele, zikiwa na walii, mashahidi, mahari, cheti na sahani za pilau. Mbona talaka zetu twazitupa dirishani usiku, kwa neno la hasira au kwa simu, asijue mtu idadi yake wala siku yake? Talaka nayo itoke kwa mlango ule ule: mashahidi wawepo, siku iandikwe, haki zilipwe, na kadhi ajue.

Najua atatokea mtu aseme kwamba katika dini yetu talaka ya mdomo hupita. Ni kweli. Maulamaa wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Shafi, hawakuufanya ushahidi kuwa sharti la kupita talaka, ingawa wenzetu Mashia Ithnaasheri wameufanya sharti. Lakini kupita kwa jambo na kufanywa kwake vizuri ni vitu viwili. Sura ya 65 ya Kurani, iitwayo Sura ya Talaka, imeamrisha washuhudishwe watu wawili waadilifu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Sura ya Pili, yahusu kuandika deni. Ikiwa deni la fedha limepewa aya ndefu namna hiyo, iandikwe, ishuhudiwe, asidhulumiwe mtu, je, kufungua fundo la ndoa lenye watoto ndani yake si kwa haki zaidi kuandikwa?

Wala si fikira za Nairobi hizi. Mwaka 1985 sheria ya Misri ilimtaka mume aliyeacha aiandikishe talaka yake katika muda wa siku 30. Mwezi wa Februari 2017 wanazuoni wakubwa wa Azhar walikaa juu ya jambo hili hili. Walisema kwamba talaka ya mdomo iliyotimiza masharti yake hupita, lakini wakawataka waume waharakishe kuiandikisha ili haki za mke na watoto zisipotee. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, wanandoa hupitia kwanza baraza la usuluhishi kabla mahakama haijatoa talaka. Nasi Kenya hatukuachwa ovyo. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeiacha talaka ya Waislamu mikononi mwa sheria ya Kiislamu, na kadhi, shekhe au imamu aliyeidhinishwa akitoa hukumu ya kuvunja ndoa, yampasa apeleke nakala yake kwa Msajili wa Ndoa. Mlango upo, ni sisi tusiopita.

Sasa nirudi kwa wale walioniuliza pale Burma, kwa kadiri ya nilivyojifunza.

Talaka ya simu. Aliyetamka talaka kwa simu ametamka, kwani ulimi ni ule ule. Aliyeiandika kwa ujumbe wa simu, fikihi yetu ya Kishafi hutazama nia yake: kama alikusudia kuacha, imehesabika. Ndiyo maana huwezi kulimaliza jambo hili kwa kumwonyesha jirani simu yako. Yahitaji mume aulizwe na mwenye elimu na mamlaka, angali hai na kumbukumbu ingali mbichi. Baada ya miaka minne na kaburi, nani ataulizwa?

Talaka tatu kwa pamoja. Jumhuri ya maulamaa wa madhehebu manne wamesema kuwa zahesabika tatu, na wapo waliosema ni moja. Misri ilishika kauli ya moja katika sheria yake ya 1929. Mimi si wa kuamua baina yao. Lakini nimwambie yule kijana mchukuzi kwamba Kurani imeifanya talaka yenye rejea kuwa mara mbili ili pawepo nafasi ya kujuta. Mwenye kuzitupa zote tatu kwa pumzi moja ameichoma nafasi aliyopewa na Mola wake.

Eda na kurejea. Mwanamke aliyeachwa talaka ya kwanza au ya pili hukaa eda ya tohara tatu. Asiyeona damu hukaa miezi mitatu. Mwenye mimba hukaa mpaka ajifungue. Katika muda huo mume aweza kumrejea bila ndoa mpya, naye yampasa amlishe na kumweka pa kukaa. Tena mume akifa ndani ya eda hiyo ya rejea, mke huyo hurithi, na huanza eda ya kufiwa ya miezi minne na siku kumi. Eda ikiisha bila ya kurejewa, hawarithiani. Na kurejea kwenyewe kwa Mashafi ni kwa kutamka. Kwa Mahanafi hata kitendo chatosha. Sasa msomaji zitazame siku zile tatu za Iddi, mchele na bawaba ya mlango. Je, bwana yule alimrejea? Fungu la thumuni la mke mwenye watoto, pamoja na eda ya mja wa Mungu, vyote vinaning'inia katika neno ambalo labda alilisema na labda hakulisema. Kipande cha karatasi kingalitosha.

Mwanamke kutaka talaka. Wako wanaodhani kuwa mke aliyefungiwa hana pa kutokea. Si hivyo. Akichukia ndoa na mume hana kosa, ana njia ya khului, kwa kurudisha mahari au kadiri watakayopatana. Na mume akimtelekeza, akamnyima nafaka au akamtesa, mke aweza kwenda kwa kadhi kutaka ndoa ifasikhiwe. Mwanachuoni wa Kimarekani, Susan Hirsch, aliyezichunguza mahakama za kadhi za pwani yetu katika miaka ya 1980, aliona kuwa wengi wanaopeleka mashtaka ni wanawake, na wengi wao hushinda. Mama zetu waliijua njia hii zamani. Tusiwafiche binti zetu.

Mali. Uislamu hauchanganyi mali za mume na mke. Chake ni chake, na chake mke ni cha mke. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 yasema kuwa Mwislamu aweza kuhukumiwa kwa sheria ya Kiislamu katika mambo hayo. Kwa hiyo mama wa mabati, kama pesa zako zimo katika nyumba ile, ni haki yako, lakini haki yataka ushahidi. Weka risiti, na muandikiane na bwanako mngali mnapendana. Hata kwa wasio Waislamu, Mahakama ya Juu ilisema mwezi wa Januari 2023 kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja athibitishe mchango wake.

Watoto. Baba aliyemwacha mke hakuwaacha watoto. Nafaka yao iko shingoni mwake, na Katiba ya 2010 imewabebesha baba na mama jukumu sawa la malezi. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo yatanguliza maslahi ya mtoto mbele ya ugomvi wa wazazi.

Na kadhi mwenyewe ni wa nani? Mahakama ya Kadhi si jambo tulilopewa kwa hisani. Ilikuwako pwani kabla ya bendera ya Kenya, na katika barua walizobadilishana Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte wa Zanzibar mwezi wa Oktoba 1963, ilikubaliwa kuwa itadumu. Katiba ya leo imeihifadhi kwa kifungu cha 170, ihukumu mambo ya hali za watu, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali hukumu yake. Asiyeridhika hukata rufani Mahakama Kuu, na huko Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi kusaidia. Tulipigania mahakama hii katika kila mjadala wa katiba. Ni aibu kuipigania mahakama barabarani kisha tukaachana wake zetu gizani tusiende kwake.

Kuna neno jingine nilisikia siku ile Burma, nalo ni zito. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua aliniambia, "Mambo ya nyumbani hayapelekwi kwa watu. Ni kufedheheshana." Namheshimu, na najua asili ya neno lake, sitara ni katika tabia za watu wa kwetu. Lakini nimemjibu hivi: Kurani yenyewe, katika Sura ya Nne, imetaka watumwe wasuluhishi wawili, mmoja wa jamaa ya mume na mmoja wa jamaa ya mke, pale panapohofiwa mfarakano. Mungu ameshawaingiza watu wawili ndani ya nyumba kabla ya talaka haijatamkwa. Sitara ni kutotangaza aibu za mwenzio. Kumwacha mwanamke asijue kama ni mke au si mke si sitara, ni dhulma iliyovishwa buibui.

Basi nasema na maimamu wetu, wa Pumwani na wa Kongowea, wa Eastleigh na wa Malindi: msifungishe ndoa bila ya kumweleza kijana namna ya kuacha, kama mnavyomweleza namna ya kuoa. Nasema na wazee: mkisikia talaka barazani, msiseme mmesikia mkaendelea na kahawa. Mshikeni yule bwana mkono asubuhi, hasira imepoa. Kama kuna suluhu, suluhisheni. Kama hakuna, mwende naye kwa kadhi, iandikwe siku na idadi, na kama amerejea, kurejea nako kuandikwe. Nasema na waume: mwanamume si kwa kusema neno zito, ni kwa kusimama nalo mchana mbele ya watu na kulipa haki zake. Nafaka ya eda ilipwe. Mahari yaliyobaki yalipwe. Na mut'a, kile kiliwazo cha kumwaga mtu kwa wema, kisisahauliwe. Nasema na wanawake: cheti cha ndoa si pambo la kuwekwa sandukuni. Kisomeni.

Nimalize na mama wa bizari. Nilimwomba siku ile aniletee cheti chake, na Jumamosi iliyofuata alikitoa chini ya meza, kimefungwa katika mfuko wa nailoni ndani ya mkebe wa unga. Tukakisoma pamoja, muuza nyama akitumulikia kwa simu yake. Palikuwa na jina lake, jina la walii wake, majina ya mashahidi wawili, na mbele ya neno mahari paliandikwa kuwa sehemu imelipwa na sehemu ni deni. Akasema hakupata kulipwa. Nikamwambia kwamba, awe mjane au awe mtalaka, mahari yasiyolipwa ni deni la marehemu, na deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Shemeji zake waweza kubishana naye juu ya neno la simu. Juu ya karatasi hii, wamkute mbele ya kadhi.

Amekwisha kupeleka shauri lake, na hukumu tumwachie mwenye kuhukumu. Kadhi atawauliza mashahidi wa zile siku za Iddi, na huenda asipate hata mmoja. Yote yaliyosemwa kwa mdomo katika ndoa ile yamegeuka ubishi. Kilichoandikwa siku ya kwanza, mbele ya watu, mchana, ndicho kilichosimama kumtetea. Alipokunja cheti chake na kukirudisha mkebeni, alinipimia bizari yangu, na safari hii alipokea pesa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata mtu, akiachwa bila daftari, hupotea vivyo hivyo.